Masika Niliyokonda

Jumatatu, 19 Januari 1998

Dokta Hilary ametugawia madaftari leo. Kila jioni tuandike tumekula nini na tumetembea kutoka wapi hadi wapi, basi, mengine hayamhusu. Haya. Nimekula wali na mchicha. Sijatembea. Mvua ya Elninyo haijui hata msimu wake, inanyesha tu, uwanja wote tope, na dokta mwenyewe ni kijana ambaye ndevu zake hazijaamua ziote wapi. Akitaka kusoma hilo, asome.

Tuko kikundi cha wenye sukari. Anafanya utafiti wa mazoezi. Anataka kujua kama kutembea kila siku kunashusha sukari kweli kwa watu wa huku kwetu, au ni maneno tu ya vitabu vya Ulaya. Nikamwambia, "Dokta, watu wa bonde hili wanatembea tangu wameumbwa, na bado wanaumwa."

"Na wewe mama, unatembea?"

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibaoni. Nakaa, nainuka kupika, nakaa tena.

Kisha akaniambia nifumbe macho, akawa ananichoma nyayo kwa kitu chenye ncha, niseme nikisikia. Nimesikia, nimesikia, nimesikia. Halafu kimya. Nikamsubiri aendelee. Kumbe alikuwa anaendelea, anakichoma kidole gumba cha mguu wa kulia, na mimi nimekaa pale kama gogo. Amenikataza kutembea pekupeku hata ndani ya nyumba yangu, na kila jioni nizikague nyayo zangu. Na mimi jinsi ninavyomwaga pini sakafuni!

Marehemu mume wangu Evaristo alikufa kwa sukari hii hii. Alikonda mpaka suruali ikawa inazunguka kiunoni peke yake. Watu walipouliza niliwaambia ni sukari, wakaitikia, "Ee, sukari," halafu wakatazamana. Siku hizi mtu akikonda ana ugonjwa mmoja tu, ule usiotajwa, na majina mengine yote wanaona ni shuka la kuufunika. Macho yao ya siku ile ninayo mpaka leo.

Jumatano, 21 Januari

Nimeanza. Raba za binti yangu Careen miguuni, kanga kiunoni, nikashika njia ya stesheni. Sijafika hata mashine ya kukoboa mpunga, jirani yangu Balbina kanikimbilia na mikono kichwani. "Mama Careen! Nani kafa?"

Maana hapa mtu mzima haendi mbio mikono mitupu ila ana msiba. Nikamwambia ni mazoezi. Mazoezi ya nini? Ya sukari. Akanishika bega, akasema "pole" kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kama kweli ningekuwa nimefiwa.

Kesho nabeba kapu. Mwenye kapu anakwenda sokoni, hadaiwi maelezo na mtu.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua. Nimetembea hadi stesheni na kapu tupu. Ugali, dagaa.

Jumatatu, 2 Februari

Leo tulikutana kwenye kibanda cha kliniki, mvua inapiga bati mpaka tunasemeshana kwa kelele. Dokta kasema kila mtu ataje anachokijua kuhusu mazoezi, yeye atatuambia kipi kimepimwa na watu wa utafiti na kipi ni maneno ya mtaani. Jamani, kumbe tuna elimu!

Kaanza mzee Mayunga, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi. "Mimi nimeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka kwetu mpaka bonde hili. Leo mnaniambia nitembee. Namfuata nani?"

"Ulipokuwa unaswaga ulikuwa na sukari?" Dokta kamuuliza.

"Sikuwa nayo."

"Uliacha lini kuswaga?"

"Vijana walipokua, mimi nikanunua bai..." Akajishika mdomo. Tulicheka mpaka Oliva muuza samaki akatokwa machozi.

Oliva naye kasema jasho ndiyo sukari yenyewe inatoka, ndiyo maana yeye akitembea anavaa sweta na juu yake nailoni. Dokta kamwambia, "Jasho ni maji na chumvi, mama. Sukari inaliwa na misuli ikifanya kazi. Vua hilo sweta kabla hujaanguka njiani." Mwingine kasema mwanamke akienda kwa kasi kizazi kinashuka. Uongo. Mwingine, kwamba kulima si mazoezi kwa sababu hakuna anayefurahi. Uongo vilevile, jembe ni mazoezi, tatizo mwaka una miezi ambayo jembe limelala na sisi tumelala nalo. Nami nikauliza kama ni kweli ukioga maji ya baridi ukiwa na jasho viungo vinakamatika.

"Hilo sijui," akasema. "Sijaona aliyelipima vizuri."

Hapo nikampenda. Maisha yangu yote sijamsikia mtu wa koti jeupe akisema hajui. Nimefika nyumbani nimewaambia wateja wangu yote, hili la kweli, hili la uongo, hili hata dokta halijui, mpaka Careen kaniambia, "Mama, sasa umekuwa mwalimu." Acha niwe.

Jumatatu, 16 Februari

Nilipopanda mzani Dokta kapiga makofi mbele ya watu wote. "Mtazameni mama huyu!" Sukari yangu imeshuka kuliko ya mtu yeyote kikundini, na uzito vivyo hivyo. Nyayo haziniungui tena, kiu imekwisha, nalala kama mtoto. Nilijisikia vizuri, sitasema uongo. Mtu mzima kupigiwa makofi si kitu kidogo.

Gauni langu la kitenge cha kijani limenipwaya. Nimelipunguza mbavuni. Kitambaa sijakikata, nimekikunja ndani ya mshono.

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ya Majivu. Wanawake wa jumuiya wamenizunguka nje ya kanisa. "Mama Careen, funga yako si ya mchezo, mwaka huu umetutangulia." Nikaitikia kwa unyenyekevu. Kwaresima ni kichaka kizuri, nitajificha humo mpaka Pasaka.

Harusi ya Careen ni Juni, mpunga ukishavunwa. Posa tulishapokea. Nickolaus ana duka dogo huko Lupiro, ng'ambo ya mto, kijana mtulivu, akimtazama mwanangu anasahau anachokisema. Nimemlea Careen kwa cherehani hii. Sina kingine ninachokiomba kwa Mungu zaidi ya kumwona anatoka nyumbani kwangu na heshima yake.

Jumatatu, 9 Machi

Barabara imekatika huko Mkula, malori hayapiti, madukani sukari hakuna. Mzee Mayunga kasema wenye maduka waje kwetu kikundini, tunayo ya kutosha. Nimetembea.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Nimetembea.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Nimetembea. Balbina kanipigia kelele kutoka barazani kwake, "Umeajiriwa na hiyo barabara?"

Ijumaa, 27 Machi

Nimejitazama kwenye kile kioo kirefu cha wateja. Mifupa ya shingo imetokeza, kiuno kimerudi, miguu imekaza. Nimejipenda. Naandika hivyo hivyo, nimejipenda, na Dokta asome.

Gauni la kijani nimelipunguza tena.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Baada ya misa Balbina kanishika mkono, akauzungushia vidole vyake, kidole gumba kikakutana na cha kati. Akauachia haraka. "Kwaresima imekwisha, Mama Careen," akasema polepole. "Sasa kula."

"Nakula."

"Ee."

Ile "ee" yake ninaijua. Niliisikia Evaristo alipokuwa anaumwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo Ester, mteja wangu tangu hajaolewa, kaleta kitambaa cha blauzi. Nimempima, tumeongea, tumecheka. Wakati naweka kitambaa mezani kafungua pochi, akatoa sindano mpya ya cherehani, bado iko kwenye karatasi yake.

"Mama, naomba unishonee na hii."

"Yangu ina nini?"

"Hamna kitu. Nimeona tu... ukijichoma bahati mbaya... si unajua siku hizi."

Nimebadilisha sindano mbele yake. Uzi nimeutunga mara tatu ndipo ukaingia. Nimemshonea, tena vizuri, mshono umenyooka, kwa sababu sitaki aseme hata kushona siwezi tena. Alipoondoka kaichomoa sindano yake mwenyewe akaenda nayo.

Sasa naelewa kwa nini wiki nzima hii hakuna aliyeleta nguo.

Jumapili, 26 Aprili

Mama Nickolaus amekuja. Pantoni haifanyi kazi, mto umefurika mpaka kwenye mashamba, naye kavuka kwa mtumbwi. Nilipomwona mlangoni, viatu mkononi, gauni limelowa mpaka magotini, nikajua hajaleta salamu.

Nikamkaribisha, nikampa chai. Akakishika kikombe, akakizungusha, akakirudisha mezani.

"Nimefunga," akasema. Pasaka imepita wiki mbili.

"Karibu basi hata mkate."

"Nimeshiba." Mwenyewe akasikia alivyosema, akainama.

Nikamwacha atafute maneno. Kwa nini nimsaidie?

"Mama Careen, mimi sikuja kwa ubaya."

"Mto ule hauvukwi kwa ubaya. Sema, mama."

"Watu wanasema. Mpaka Lupiro wanasema. Kwamba baba yake Careen alikwenda hivyo hivyo, na sasa wewe. Nickolaus ndiye mtoto wa kiume niliyenaye. Nimeshazika wawili, na wote waliambiwa wana malaria."

"Mimi naumwa sukari. Mume wangu aliumwa sukari. Natembea kwa sababu Dokta kaniambia nitembee, na ndiyo maana nimepungua. Njoo kesho kliniki umuulize."

Akaniinulia macho, na macho yake hayakuwa na ukali, afadhali yangekuwa nao. "Mama, mjane, miaka hii tuliyonayo, mtu akamwambia konda, naye akakubali kwa hiari yake akakonda? Kwa ajili ya nini? Nani anaweza kuamini hicho kitu?"

Katika maswali yote yaliyoulizwa kikundini tangu Januari, hakuna aliyeuliza hilo. Na huyu mama si mjinga. Kazika watoto kwa jina la malaria, kaambiwa uongo na wenye elimu na wasio nayo, leo mtu anamwambia sukari. Ningekuwa mimi, ningeamini?

"Kapime," akasema. "Na mwili urudi tuuone. La sivyo, watoto wasubiri kwanza."

Maneno nilikuwa nayo. Yalishapangana mdomoni, mengine ya Kipogoro chetu kabisa, yale ambayo ukiyasema hurudi nyuma. Lakini chini ya pazia la chumbani niliviona vidole vya miguu vya Careen, vimesimama pale, vimejikunja. Nikayameza. Nikamsindikiza mgeni wangu mpaka njia panda, nikamshika mkono kwenye utelezi. Mkono alinipa. Alipofika mbali nilimwona anaufuta kwenye kanga.

Jumanne, 5 Mei

Nimepima. Sina huo ugonjwa. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na kila aliyepita pale aliniona nimekaa benchi gani, kwa hiyo hata kupima kwenyewe kumeniongezea maneno. Cheti nilimpa Nickolaus mkononi ampelekee mama yake.

Jibu la mama huyo limerudi leo. Anashukuru, lakini karatasi siku hizi mtu yeyote anaandikiwa. Atakuja mwenyewe auone mwili.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda kwa Dokta Hilary. Nimemweleza yote, sindano ya Ester, kikombe cha chai, mkono uliofutwa kwenye kanga. Akasikiliza vizuri, halafu akasema, "Mama, hayo ni maneno ya mtaani."

Nikapandwa na hasira, sijui zilikuwa zimekaa wapi. "Si ulisema utatutenganishia ya kweli na ya mtaani? Haya nitenganishie. Watu hawaleti nguo kwangu, hiyo ni kweli au ya mtaani? Mwanangu analia, hiyo umeipima? Majirani zangu wako wapi kwenye utafiti wako?"

Akavua miwani. Bila miwani ni mtoto kabisa. Akasema hakuna mtu kikundini aliyefanya vizuri kama mimi, tafadhali nisiache. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayejisomea, "Unajua, mama, si lazima ukonde. Kutembea kunasaidia sukari hata kama mzani haujasogea. Ungeweza kutembea vilevile, tukapanga chakula, mwili ukabaki ulipokuwa."

"Unasemaje?"

Akarudia.

"Na hilo limepimwa?"

"Limepimwa."

"Wewe ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua."

"Sasa mbona ulipiga makofi?"

Nilimsubiri. Mvua ilikuwa imekatika, siku ya kwanza kavu tangu lini sijui, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya bati ya kumficha. "Sikufikiri," akasema. "Nilifundishwa hivyo, uzito ukishuka tunafurahi."

Amefundishwa na watu ambao kwao mtu akikonda anapewa hongera. Huku kwetu anachimbiwa kaburi akiwa bado anapita njiani. Na huyu ni mtoto wa hapa hapa, mama yake analima mpunga, analijua hilo kama mimi! Alilijua akiwa nyumbani, akivaa koti analisahau. Angeniambia Februari ningetembea na kapu langu, nikala nikashiba, mwili ukabaki ule ule na hakuna ambaye angenitazama. Sasa harusi iko mlangoni. Mwili ukiurudisha kwa adabu unachukua mwaka, na mimi sina mwaka.

"Ukila wali na soda ili unenepe haraka, sukari itapanda kuliko mwanzo," akasema. "Na ule mguu, mama, nauogopa."

"Nauogopa pia," nikamwambia, nikaondoka.

Jumatatu, 11 Mei

Careen kanipigia magoti leo. "Mama, usiache kutembea. Nickolaus kasema atasubiri, hata miaka miwili."

"Nickolaus atasubiri. Mama yake je? Mtaa je?"

"Achana na mtaa!"

"Mwanangu, wewe utaishi kwenye midomo ya hawa watu mpaka uzeeke. Ukichelewa kuolewa hawatasema mama yake anatembea. Watasema na yeye anao."

Akalia mpaka akalala pale pale kwenye vitambaa. Raba zake nimezifua, nimezirudisha kabatini kwake.

Jumatano, 13 Mei

Wali, maharage, chai ya maziwa, maandazi.

Alhamisi, 14 Mei

Wali. Soda. Wali.

Jumamosi, 16 Mei

Mpunga mpya umeanza kuingia mjini. Kila nyumba inanukia. Sijatembea. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga, soda.

Jumatatu, 25 Mei

Nimefumua mshono wa kwanza wa gauni la kijani. Kitambaa cha ndani kina rangi mbichi kuliko cha nje, michirizi miwili mbavuni inaonyesha nilipokuwa nimefika.

Balbina kaja na ungo wa mchele mpya, kanitazama kwenye mlango, akapiga kigelegele peke yake. "Ndiyo wewe huyo! Umerudi!" Akaketi, akanywa chai kwenye kikombe changu, akanisimulia mambo ya mtaa mzima kama zamani. Nilifurahi, hilo nalo ni kweli. Nilikuwa nimemkosa mno.

Ijumaa, 29 Mei

Kiu imerudi. Chooni sisimizi wamepanga mstari kufuata mkojo wangu. Nyayo ziliungua wiki nzima, leo zimeacha kuungua. Haziungui, haziumi, hazina habari yoyote.

Jumatano, 3 Juni

Ester kaleta vitambaa vya sare za harusi ya kwao, vya ukoo mzima. Hakuleta sindano. Nilingoja aitoe, hakuitoa, wala hakumbuki kama aliwahi kuja nayo. Kajaa vicheko. "Mama, umenawiri! Unatumia dawa gani?"

"Wali," nikamwambia.

Jioni Dokta Hilary kapita na baiskeli. Nimemkalisha kwenye kigoda cha wateja. Kanikagua miguu, kidole gumba akakirudia mara tatu. Ameniomba nirudi baada ya harusi ya Careen, hata siku moja baada ya harusi. Nikakubali. Mzee Mayunga alikuwa anapita barabarani na fimbo yake, kapungua vizuri, katunyanyulia mkono. Yeye mwenye ng'ombe wote wale hakuna anayemuuliza mwili umekwenda wapi.

"Kwenye utafiti nimekuandika umeacha," Dokta akasema. "Napaswa kuandika na sababu. Niandike nini?"

"Andika nilipona. Muulize mtu yeyote hapa Kibaoni, atakuambia."

Hakucheka. Siku hizi namhurumia kuliko ninavyomchukia, lakini vyote viwili bado ninavyo.

Jumapili, 14 Juni

Mama Nickolaus amekuja kama alivyoahidi. Kanishika mikono yote miwili, kanigeuza kama mtu anayechagua mbuzi, akaanza kulia. "Nisamehe, mama mwenzangu." Kala sahani moja na mimi. Harusi ipo.

Jumapili, 21 Juni

Naandika mguu ukiwa juu ya stuli.

Harusi ilikuwa jana na ilikuwa nzuri. Asubuhi pindo la gauni la Careen lilifumuka, nikalifunga haraka haraka, kopo la pini likaanguka, tukaokota huku tunacheka kwa sababu magari yalikuwa yanapiga honi nje. Kanisani mwanangu hakuinamisha uso hata kidogo. Nickolaus alisahau maneno, padri akamsaidia.

Nyumbani turubai lilijaa mpaka barabarani. Kila aliyenisalimia alinisifu mwili. Mama Careen umependeza, Mama Careen afya imerudi, hebu mtazameni, kama si yule. Gauni la kijani nimefumua mshono wote na bado lilinibana. Viatu ndivyo vilivyonishinda, miguu ilikuwa imevimba, nikavivua ndani ya nyumba na kutoka turubaini navyo mkononi. Ilipofika zamu ya mama wa bibi harusi kucheza, nikacheza pekupeku. Nilicheza kweli. Mama Nickolaus kaja kati, tukacheza wote wawili, watu wakatutunza mpaka kanga zikatufunika.

Ndipo mmoja akasema, "Nani kaumia?" Kwenye mikeka mipya palikuwa na damu, alama, alama, alama, zinazunguka kote tulikozunguka. Kila mtu akatazama nyayo zake. Na mimi nilikuwa nawasimamia! "Angalieni watoto," nasema, "watakuwa wamekanyaga chupa." Nazunguka kumtafuta mwenye damu, na kila nikizunguka alama zinaongezeka.

Balbina ndiye aliyeniona. "Mama Careen, ni wewe."

Nikakaa. Mama Nickolaus akapiga goti, akaushika mguu wangu, akaipangusa damu yangu kwa kiganja chake mwenyewe, bila kitambaa, bila wasiwasi wowote, akajifuta kwenye kanga yake ya harusi. "Si kitu," akawaambia watu, "mama yenu kazidiwa na furaha." Wakashangilia. Ni yeye yule yule ambaye Aprili alishindwa kunywa chai yangu.

Pini ilikuwa imezama yote kwenye kidole gumba, kimebaki kichwa tu, kile cheupe. Nilicheza juu yake mchana kutwa. Nimeivuta mwenyewe nikiwa naitazama. Imetoka ndefu, na sikusikia inatoka.

Jumatatu, 29 Juni

Niko wodini. Kidole kimekuwa cheusi, na harufu naisikia mwenyewe. Kesho wanakikata. Dokta Hilary amesema wakikuta ubaya umepanda watapanda nao. Alisimama kando ya kitanda changu, mikono yake haina pa kukaa. Ameniomba daftari hili, anasema liko sahihi kuliko vipimo vyake. Nimemwambia atalipata kesho, nikishalala kwa dawa yao.

Careen sijamwambia. Yuko Lupiro, ana siku tisa za ndoa, acha azimalize vizuri.

Mchana Balbina kaja na hotpoti ya wali wa mpunga mpya. Kakaa pembeni yangu, kautazama mguu uliofungwa, akatikisa kichwa, halafu akauzungushia mkono wangu vidole, kama siku ya Pasaka. Vidole havikukutana.

"Pole, Mama Careen," akasema. "Angalau mwili unao."